Je, "Mafuta ya Breki" ni Mafuta?

Istilahi nyingi za ufundi wa magari zinazotumika katika Afrika ya Mashariki hazina ubaya. Breki, silinda, pistoni, pedi na jeki zimekopwa, zikavaa sauti za Kiswahili, na fundi na mwenye gari huelewana. Hatuoni sababu ya kuzihangaisha. Liko jina moja, hata hivyo, ambalo halina budi kuhakikiwa, kwa kuwa kosa lake haliishii kitabuni: laweza kumtoa mtu roho. Nalo ni "mafuta ya breki".

Neno mafuta lina eneo pana. Tuna mafuta ya kupikia, ya taa na ya kujipaka. Petroli na dizeli ni mafuta. Kilainisha injini nacho ni mafuta. Asomaye "mafuta ya breki" ana haki ya kudhani kuwa hiyo ni jamii moja. Sivyo. Kinachotiwa katika breki za magari mengi, chenye alama ya DOT 3 au DOT 4, ni kiowevu cha asili ya glikoli. Kazi yake si kulainisha, bali kupeleka msukumo wa mguu kutoka kwenye pedeli hadi magurudumuni. Raba zilizomo katika silinda hukistahimili. Zikiguswa na mafuta ya injini huvimba na kuharibika, na breki hukwama au hushindwa kabisa. Yapo magari machache, kama baadhi ya Citroën za zamani, ambayo breki zake hutumia mafuta hasa. Hiyo ni sababu zaidi ya kutoviita vyote kwa jina moja.

Fundi wa gereji hadhuriki sana na jina hili, maana ujuzi wake umo mikononi. Tunamfikiria yule atengenezaye breki za gari lake nyumbani, peke yake, akiwa na spana, jeki na maelezo yaliyoandikwa. Hana wa kumuuliza. Tegemeo lake ni neno. Akiambiwa "ongeza mafuta", na kopo la mafuta ya injini li karibu, nani atamlaumu?

Mtu huyo huyo atakutana na istilahi ya pili. Mfereji wa breki ukifunguliwa, hewa huingia. Nayo hewa hubonyea, ilhali kiowevu takriban hakibonyei, hivyo pedeli huzama. Kazi ya kuiondoa hewa hiyo mafundi huiita "kutoa upepo". Twaisifu: yaeleza kinachotendeka, tena ni bora kuliko tafsiri sisisi ya Kiingereza, ambayo ingetuletea habari za kutoa damu. Walakini, upepo ndio tuujazao katika matairi. Agizo la "toa upepo gurudumu la nyuma" lina maana mbili. Yafaa liandikwe kwa ukamilifu: "kutoa upepo wa breki".

Je, tuseme "maji ya breki"? Hapana. Kiowevu hiki hunyonya unyevu, na maji ndiyo adui yake. Kiwango cha chini cha kuchemka kinachotakiwa kwa DOT 3 ni nyuzi 205 za Selsiasi kikiwa kipya, na nyuzi 140 kikisha kunyonya maji. Kikichemka, mvuke hubonyea kama hewa.

Kwa maoni yetu, istilahi ifaayo ni "kiowevu cha breki". Itasemwa kuwa hilo ni neno la darasani, na kwamba gereji haitalipokea. Huenda. Lakini hatudai kuwasahihisha mafundi wanapozungumza. Tunadai usalama wa msomaji. Katika maandishi, basi, na litumike hilo, likifuatwa na onyo fupi: "si mafuta ya injini". Tunawaomba walimu wa ufundi, wafasiri na mafundi wenyewe watuletee maoni yao.