«Jiwe lina nguvu»: kitenzi kinachopotosha mazoezi ya fizikia

Tangu TUKI ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, dai la kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi limepoteza uzito wake. Neno twalo. Lakini mwanafunzi hashindwi zoezi kwa kukosa jina la kitu tu. Mara nyingi hushindwa kwa sababu sentensi aliyoitunga kichwani ni mbovu tangu mwanzo.

Tuchukue jiwe lililorushwa juu wima. Mkono umekwisha kuliachia, nalo lingali linapanda. Tukiacha upinzani wa hewa, ni nguvu zipi zinazotenda juu yake? Hapa Lubumbashi, ambapo somo hutolewa kwa Kifaransa na kujadiliwa kwa Kiswahili mara tu mwalimu anapotoka, tumelisikia jibu hili jioni nyingi: «Jiwe lina nguvu ya mkono, ikiisha litaanguka.» Sivyo. Nguvu ni moja tu, uzito, nao waelekea chini. Mchapuko ni ule ule, mita 9,8 kwa sekunde mraba, jiwe likipanda, likishuka, na hata kileleni ambako kasi ni sifuri.

Wako wanaoilaumu lugha yetu, kwa kuwa «nguvu» hubeba pamoja maana ambazo fizikia huzitenga. Lawama hiyo haisimami. Mwaka 1979 Laurence Viennot alichapisha huko Ufaransa utafiti juu ya fikra za wanafunzi katika dinamiki, akaonyesha kwamba nao, kwa Kifaransa chao, hukipa kitu nguvu ya kuelekea kule kinakokwenda. Wala istilahi peke yake si dawa: «jiwe lina kani ya mkono» ni kosa lile lile lililovishwa nguo mpya.

Mkosaji, kwa maoni yetu, ni «-na» ya kumiliki. Kani si mali ya jiwe. Ni tendo ambalo jiwe linatendewa na kitu kingine. Kwa jambo hili Kiswahili kina kauli ya kutendwa, pamoja na «na» inayomtaja mtenda. Basi, kabla ya hesabu yoyote, mwanafunzi na aandike: «Jiwe linavutwa na dunia.» Kisha ajaribu: «Jiwe linasukumwa na mkono.» Atasita mwenyewe, maana mkono hauligusi tena. Vivyo hivyo sanduku la kilo 20 sakafuni: linavutwa na dunia, linabebwa na sakafu, linasukumwa na mtu kwa nyutoni 60, linazuiwa na msuguano kwa nyutoni 40. Sentensi nne, mishale minne. Mbili za kwanza zinafutana. Zinabaki nyutoni 20 kwa kilo 20, yaani mchapuko wa mita 1 kwa sekunde mraba.

Kwenye umeme kanuni yetu inahitaji kurekebishwa, na hatutalificha hilo. «Uga» ni neno geni kwa wengi wa Katanga. Wanafunzi hutafsiri Kifaransa moja kwa moja na kusema «shamba la umeme». Ingawa tunakipenda Kiswahili bora, hatuwacheki: shamba lipo hata kama hamna mtu ndani yake, na uga upo mahali hata kama hapana chaji ya kuupokea. Ndipo «-na» inapopata haki yake, lakini ikiwa na kiambishi cha mahali: hapa pana uga, chaji ikiwekwa hapa inasukumwa nao. Uga wa nyutoni 500 kwa kulombi ukielekea mashariki, chaji hasi ya mikrokulombi 2 itasukumwa magharibi kwa nyutoni 0,001. Wengi huipata 0,001 na kuikosa magharibi, kwa kuwa waliandika «chaji ina nguvu» bila kusema inasukumwa wapi.

Watungaji wa istilahi tunawaomba jambo moja: chini ya «kani» waweke sentensi nzima, yenye kinachovuta na kinachovutwa.