Vifaa vya Mtandao na Ufundishaji wa Insha ya Kiingereza: Tathmini kutoka Kitengela na Kajiado

Mjadala kuhusu ufundishaji wa Kiingereza nchini Kenya umeelekea kuuhesabu wingi wa vifaa kuliko kuuchunguza ubora wake. Mwalimu aliyekuwa akitegemea kitabu kimoja cha kiada sasa aweza, kwa simu ya mkononi, kuifikia maktaba isiyo na kuta. Hapana budi, hata hivyo, kuuliza: maktaba hiyo ilijengwa kwa ajili ya mwanafunzi yupi? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuitazama mikusanyo mitatu itolewayo bure katika mtandao, na kuipima kwa mahitaji ya madarasa ya Kitengela na Kajiado.

Miji hiyo imo katika kaunti moja, lakini hali zake za lugha ni mbalimbali. Kitengela, ulio kando ya barabara iendayo Namanga, ulikuwa na wakazi 154,436 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019. Wakazi hao wametoka katika jamii nyingi, na Kiswahili ndicho kiungo chao. Katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Kajiado, mtoto aghalabu huanza na Kimaasai, akakutana na Kiswahili, ndipo akakifikia Kiingereza. Kwa mtoto huyo Kiingereza ni lugha ya tatu; walakini insha yake husahihishwa kwa kipimo kile kile anachopimiwa mwenzake wa mjini.

Mkusanyo wa kwanza ni ule wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, ujulikanao kama Purdue OWL, ulioanza mwaka 1994. Ubora wake ni uwazi: muundo wa aya, uakifishaji, hoja kuu ya insha na namna ya kutaja marejeo vimefafanuliwa kwa utaratibu unaofaa kusifiwa. Lakini ulikusudiwa hasa wanafunzi wa chuo kikuu, nao hufuata tahajia ya Kimarekani, ilhali shule za Kenya zimerithi ile ya Kiingereza cha Uingereza. La uzito zaidi ni kwamba kanuni zake huelezwa kwa msomaji yeyote atokaye popote. Vibainishi 'a' na 'the' ni mfano mzuri. Kiswahili hakina vibainishi vya namna hiyo. Kimaasai nacho huzitanguliza nomino zake kwa viambishi vya jinsia, kama ol- na en-. Hivyo mwanafunzi wa Kitengela na yule wa Kajiado huweza kuanguka katika kosa moja kwa njia mbili tofauti. Kanuni hutaja kosa, haielezi njia. Kazi hiyo ya ulinganishi humbakia mwalimu, na bila isimu linganishi atasahihisha daftari asisahihishe fikra iliyozaa kosa.

Mkusanyo wa pili ni TESSA, mradi wa elimu ya walimu Kusini mwa Sahara ulioanzishwa mwaka 2005 na kuratibiwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza. Matini zake hupatikana kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili. Hapa maelezo ya visa vya walimu huambatana na shughuli za darasani, na darasa linalodhaniwa ni lile la Kiafrika: wanafunzi wengi, vifaa vichache. Huo ni ushindi mkubwa wa mtazamo. Upungufu wake ni kwamba umeielekea zaidi shule ya msingi, na mwalimu wa insha ndefu katika sekondari hulazimika kukata na kushona mwenyewe.

Mkusanyo wa tatu, African Storybook, ulizinduliwa mwaka 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Hadithi zake fupi zenye picha zimo katika lugha nyingi za Kiafrika, Kimaasai kikiwamo, nazo zina leseni inayomruhusu msomaji kuzitafsiri, kuzigeuza na kutunga mpya. Kwa kuwa mlango u wazi kwa wote, tafsiri hazilingani kwa ubora, na walezi wa mkusanyo wameona haja ya kuzitia alama zile walizozithibitisha. Hata hivyo, kati ya mikusanyo hii mitatu, huu ndio unaofundisha uandishi kwa maana yake halisi, maadam unamwachia mwanafunzi kalamu.

Hoja hii ya kalamu ndiyo kiini cha mambo. Mtihani wa kidato cha nne, unaodai insha ya kubuni na insha juu ya vitabu teule, umezoesha madarasa mengi kuhifadhi tungo za kuigwa. Mtandao usipotumiwa kwa uangalifu huongeza akiba ya tungo hizo tu. Ndipo mtoto aliyeishi katika ukame wa mwaka 2022, uliowaua mifugo wengi wa Kajiado, huweza kuandika juu ya vitu asivyopata kuviona, akayaacha ayajuayo kwa kudhani kwamba hayastahili Kiingereza. Kasumba ya namna hiyo haiondolewi na tovuti.

Chemchemi i karibu. Wamaasai wakutanapo huulizana habari kwa utaratibu: za watu, za mifugo, za mvua na malisho. Huo ni usimulizi wenye mpangilio na uteuzi wa mambo. Mwalimu aweza kuwaagiza wanafunzi wazisikilize habari hizo, wazisimulie kwa lugha yao, kisha waziandike kwa Kiingereza. Mwenzake wa Kitengela aweza kufanya vivyo hivyo kwa mazungumzo ya sokoni au ya kituo cha matatu. Matini zitakazopatikana zaweza kuingizwa katika mkusanyo ulio wazi, au kuchapwa kwenye karatasi pale ambapo umeme na intaneti havitegemeki.

Idara za lugha katika vyuo vikuu zina wajibu hapa: kuhakiki tafsiri, kuandaa maelezo linganishi ya Kimaasai, Kiswahili na Kiingereza, na kuwafikishia walimu. Bila hayo, mtoto wa Kajiado ataendelea kuwa msomaji wa maktaba asiyoandikwa ndani yake, na alama yake ya insha itaendelea kuitwa uvivu.