Pongezi kwa Mafundi Waokoao Data

Miongoni mwa mafundi wastahilio shukrani za dhati za watu waishio ughaibuni, siwaoni wa kutangulizwa mbele ya wale wafunguao diski ngumu zilizoharibika na kuyatoa humo yaliyodhaniwa kuwa yamekwisha kupotea. Kwani mtu aliyehajiri kutoka Unguja kwenda London au Maskati, ambaye picha za wazee wake waliofariki, hati zake za ukaazi na tasnifu aliyoitolea jasho zimo zote katika diski moja, yu mbali na jamaa ambao pengine wangemhifadhia nakala.

Kazi yenyewe ni ya taadhima. Tangu IBM ilipoitoa diski ya kwanza mwaka 1956, asili yake ni ile ile: sahani huzunguka, katika nyingi za leo mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake, siku hizi kwa nafasi ya nanomita chache tu, hata chembe ya vumbi ikawa adui mkubwa. Kwa sababu hiyo fundi huifungua katika chumba chenye hewa iliyochujwa, akaviondoa vichwa vilivyovunjika na kuvitia vingine vilivyotolewa katika diski ya namna ile ile, kisha akanakili sekta baada ya sekta, akiziruka kwanza zilizo dhaifu ili azirudie mwishoni, asije akaimaliza diski kabla ya kuyapata yaliyo mazima. Subira hiyo naistaajabia mno, na zaidi ya hiyo naisifu amana yake, maana faragha yote ya mteja hupita mikononi mwake.

Nasi tumrahisishie kazi: diski ikianza kugongagonga, izimwe papo hapo, wala isiwashwe tena mpaka imfikie.