Banda la Gari Kabla ya Polishi: Ujenzi wa Karakana ya Nyumbani katika Mwambao

Usafi wa kina wa gari ni kazi ya kuondoa uchafu, madoa na mikwaruzo midogo iliyokaa juu ya rangi bila kupaka rangi upya, kisha kuikinga rangi hiyo kwa nta au kwa kimiminika kinachokauka na kuwa ngozi ngumu ya kioo. Kazi hii hutofautiana na uoshaji wa kila siku kwa kipimo chake. Rangi ya kiwandani ya gari la kisasa, kuanzia kwenye bati hadi juu, ina unene wa takribani maikromita 100 hadi 150, na maikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Katika unene huo, tabaka la juu kabisa lisilo na rangi, ambalo wapaka rangi hulijua kwa jina la klia, huchukua takribani 35 hadi 50 tu, yaani ni jembamba kuliko unywele wa kichwani. Kila gari linapopigwa kompaundi, ambayo ni dawa yenye chembe za kusagia, sehemu ya klia huliwa wala hairudi. Kwa sababu hiyo karakana nzuri ya nyumbani hupimwa kwa mikwaruzo inayoizuia isitokee kabla haijapimwa kwa mashine zilizopangwa rafuni, na makosa mengi ya wanaoanza hutokana na kununua mashine kwanza na kulifikiria banda baadaye.

Mfano unaochambuliwa hapa ni banda lililoegemezwa kwenye ukuta wa uzio wa nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam, lenye nguzo, paa la mabati na sakafu ya changarawe, likigeuzwa kuwa mahali pa kazi pa mtu mmoja. Vipimo vyake, kwa namna fulani, viliamuliwa Japani. Magari mengi yanayotumika Tanzania na Kenya huletwa kutoka huko yakiwa yameshatumika, na kanuni za Japani huliweka gari la abiria katika daraja la magari madogo iwapo, pamoja na masharti mengine, halizidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7 na kimo cha mita 2.0. Toyota Premio na Allion, kwa mfano, zina upana wa mita 1.695, pungufu ya kikomo kwa milimita 5 tu. Fundi anayejua hilo hana haja ya kubahatisha. Akiongeza sentimita 95 kila ubavu, ambazo zinatosha mlango kufunguka na mtu kuchuchumaa mbele ya gurudumu, na sentimita 90 mbele na nyuma, anapata banda la mita 3.6 kwa 6.5, na kimo cha mita 2.7 humwezesha kusimama juu ya kigoda na kufuta paa la gari bila kugonga taa. Mwenye Land Cruiser atalazimika kupima upya.

Uelekeo wa banda huamuliwa na jua na upepo, na mambo haya mawili hayakubaliani kila mara. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo wa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Mdomo wa banda ukielekea magharibi, jua la alasiri litaingia hadi kwenye siti mwaka mzima, na bati lililopata moto hukausha sabuni kabla haijasuuzwa, hata alama zake zikabaki kwenye klia. Mdomo wa mashariki nao huingiza jua la asubuhi vivyo hivyo. Hivyo hubaki kuchagua kati ya kusini na kaskazini. Mdomo wa kusini hupata jua kidogo zaidi, lakini huupokea upepo wa kusi, ambao huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka, miezi ileile ambayo hali ya hewa ni kavu na inafaa kwa kazi za kumalizia. Mdomo wa kaskazini huupa kusi kisogo, ila mwezi Juni jua la adhuhuri huingia ndani yake kwa kina cha mita 1.5 hivi. Kati ya shida hizo mbili, ya pili ndiyo yenye dawa: paa likirefushwa mbele kwa mita moja, jua hilo hurudishwa hadi karibu nusu mita, ilhali hakuna upenu unaozuia vumbi la upepo. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Februari, turubai linaloteremshwa mdomoni hutosha. Ukuta wa uzio ukiwa upande wa magharibi, banda limepata kinga ya alasiri bila gharama. Upande wa mashariki hujengwa ukuta mfupi wa tofali wa mita 1.2, na juu yake huwekwa wavu wa kivuli unaopitisha hewa.

Maji ndiyo sura inayopuuzwa kuliko zote, na katika mwambao ndiyo yenye madhara makubwa. Visima vingi vya pwani vimechimbwa katika miamba ya matumbawe, ambayo ni chokaa, na maji yanayopita humo huyeyusha kalsiamu na magnesiamu. Maji ya namna hiyo huitwa maji magumu, nayo hujulikana kwa sabuni kugoma kutoa povu na kwa ukoko mweupe unaobaki ndani ya birika. Tone la maji hayo likikauka juu ya boneti, maji huondoka na chokaa hubaki ikiwa duara jeupe, na duara hilo likiunguzwa na jua siku kadhaa hung'ang'ania kiasi kwamba haliondoki ila kwa asidi hafifu, au kwa kompaundi inayokula klia. Kisima kilicho karibu na bahari huongeza chumvi juu ya chokaa. Wapo wanaofunga vichujio vya kuondoa madini, ambavyo hufanya kazi vizuri lakini huchoka upesi pale maji yalipo magumu sana, na bei ya kuvijaza upya si ndogo.

Jibu la bei nafuu zaidi liko juu ya banda lenyewe. Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba, kwa hiyo hayana chokaa ya kutajika, na milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja. Paa la banda hili, pamoja na upenu wake, lina kama mita 30 za mraba. Mvua ya Dar es Salaam ikikadiriwa kuwa milimita 1,100 kwa mwaka, na sehemu ya tano ikiachwa ipotee kwa kumwagika na kukauka, paa hilo huvuna zaidi ya lita 26,000. Matumizi ni madogo kuliko hapo. Mashine ya presha ya nyumbani hutoa takribani lita 6 kwa dakika, na dakika 10 za kumwagia na kusuuza, pamoja na ndoo mbili za lita 15, hufikia lita 90. Kiangazi cha kuanzia Juni hadi Septemba kina majuma 17 hivi, ambayo kwa kuosha mara moja kwa juma yanahitaji lita 1,530, kwa hiyo simtanki la lita 2,000 lililojazwa na masika linavuka kiangazi bila kuomba maji ya kisima. Sharti ni moja: mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwagwe, kwa sababu hubeba vumbi, majani na vinyesi vya ndege vya miezi minne, na bomba la kuielekeza nje ya tangi hugharimu kidogo kuliko kulisafisha tangi zima.

Zile ndoo mbili zina sababu yake. Moja ni ya sabuni, nyingine ni ya kusuuzia glavu ya kuoshea kabla haijarudi kwenye sabuni, na chini ya kila moja huwekwa wavu wa plastiki ili mchanga uzame na usipande tena. Mchanga huo ndio adui wa klia, na njia yake ya kuingia ni sakafu. Changarawe huondolewa, karatasi ya nailoni hutandikwa ili unyevu wa ardhini usipande, kisha humwagwa zege lenye mteremko wa asilimia 1.5 kuelekea mdomoni, yaani tofauti ya sentimita 10 hivi kati ya mwanzo na mwisho wa banda. Mteremko mkali zaidi huonekana mzuri kwa fundi mwashi, lakini kigoda chenye magurudumu hakitulii juu yake. Zege lisilofunikwa hutoa vumbi lake lenyewe kila linapofagiliwa, kwa hiyo hupakwa rangi ya epoksi ya kijivu cheupe, na rangi hiyo husubiri siku 28 tangu zege limwagwe. Wasiosubiri huiona ikibanduka kama ganda la kitunguu. Maji machafu hupita kwanza katika shimo dogo la kutuliza mchanga, kisha katika chemba yenye ukuta wa kati unaoyazuia mafuta yanayoelea, ndipo yaende kwenye shimo la kunyonya lililo mbali na kisima. Kuyaelekeza barabarani ni kumkosea jirani.

Mwanga ni sura tofauti, na hapa ndipo kazi ya nyumbani inapoachana na ya uani. Gari jeusi lililofutwa kwa kitambaa kikavu chenye vumbi huonyesha, likiwa juani, duara za mikwaruzo zinazouzunguka mwako wa jua kama utando wa buibui, na wengi huamini kwamba duara hizo zilichorwa na mkono uliokuwa ukizunguka. Sivyo. Mikwaruzo huwa imelala kila upande, lakini kila mmoja ni mfereji mwembamba ambao kuta zake huurudisha mwanga kuelekea jichoni pale tu mfereji unapoukingama mwanga huo. Mikwaruzo inayotimiza sharti hilo kuzunguka taa moja hujipanga kama duara, na mingine yote, iliyo mingi zaidi, haionekani. Taa ikisogezwa hatua moja, duara nalo husogea. Jambo hili lina matokeo mawili kwa mjenzi wa karakana. La kwanza ni kwamba taa moja kubwa katikati ya dari hudanganya, kwa kuwa humulika boneti na paa na kuziacha milango na bampa gizani. La pili ni kwamba mwanga uliosambaa sana, kama ule wa dari nyeupe siku ya mawingu, huificha mikwaruzo yote, na fundi akimaliza kazi chini yake atagundua makosa yake kesho yake saa nne asubuhi, gari likiwa limeshatolewa nje.

Kwa hiyo hufungwa aina mbili za mwanga. Taa ndefu za LED huwekwa pale kuta zinapokutana na dari, zikiinamishwa nyuzi 45 ili zimulike ubavu wa gari, na huchaguliwa za rangi ya kelvini 4,000 hadi 5,000, yaani nyeupe isiyo ya manjano wala ya buluu. Huongezwa tochi moja ya mkononi yenye nukta kali ya mwanga, ambayo hutumika taa nyingine zikiwa zimezimwa. Fundi huishika tochi hiyo umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye bati, akaisogeza polepole kwa mshazari, na mahali pamoja palipoonekana safi hufunua mikwaruzo mipya kila pembe inapobadilika. Pale tu ndipo anapoweza kuamua kama mikwaruzo hiyo inastahili kuondolewa au iachwe, na mara nyingi, hasa kwa gari lililotumika ambalo haijulikani limepigwa kompaundi mara ngapi, kuiacha ndio uamuzi wa busara.

Umeme hauhitaji maneno mengi, ila hauhitaji mzaha. Soketi ya kawaida ya pini tatu hubeba ampia 13, ambazo kwa volti 230 ni wati 2,990. Mashine ya presha ya wati 1,800 na vakyumu ya wati 1,400 zikichomekwa kwenye ekstensheni moja zimeshavuka kiasi hicho. Soketi hufungwa mita 1.2 kutoka sakafuni, ziwe za aina yenye kifuniko cha mpira, na saketi nzima ya banda hulindwa kwa swichi inayokata umeme unapovuja kwa miliampia 30, kwa sababu mtu anayefanya kazi hapo husimama juu ya zege lenye maji. Mashine ya kupolishi inayomfaa anayejifunza ni ile ambayo sahani yake huzunguka huku ikiyumba kwa milimita 15 hivi, kwa kuwa huzalisha joto kidogo. Ile ya mzunguko mmoja, inayopendwa gereji za mtaani, huunguza klia kwenye kingo za boneti kwa sekunde chache.

Vitambaa vya maikrofaiba, vilivyofumwa kwa nyuzi nyembamba mno za plastiki, hutunzwa katika kabati lenye mlango, vya rangi ya gari mbali na vya rimu, na kilichoanguka sakafuni huhamishiwa kundi la rimu hata kikionekana safi. Dawa zenye viyeyushi hazikai chini ya mabati matupu, ambayo adhuhuri hugeuka tanuri. Hapo dari ya plaiwudi huwa na faida zaidi ya uzuri wake.

Mpangilio wa ujenzi hufuata kalenda ya mvua. Mwenye nyumba anayekusudia kuitumia karakana yake katika kipupwe cha Juni hadi Agosti, wakati unyevu umepungua na dawa ya kukinga rangi hukauka vizuri, afunge mfereji wa paa na tangi kabla ya mwezi Machi, maana masika yakishapita tangi tupu litamrudisha kwenye maji ya kisima hadi vuli.