Baraza Lisiloandikwa: Swali la Dola katika Riwaya za Adam Shafi

Ni mazoea kuisoma Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) kuwa riwaya ya ardhi, na Haini (2003) kuwa riwaya ya gereza. Usomaji huo una haki yake, ila unazitenganisha kazi mbili zinazouliza swali moja: baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, dola mpya ya Zanzibar ilikuwa ya nani, na nani alipewa nafasi ya kulijadili jambo hilo?

Baraza la Mapinduzi lilishika kwa pamoja mamlaka ya kutunga sheria na ya kuzitekeleza. Hati za Muungano za Aprili 1964 ziliahidi Bunge la Katiba katika muda wa mwaka mmoja. Ahadi hiyo iliahirishwa, na katiba ya kudumu ya Muungano haikupatikana hadi 1977. Zanzibar yenyewe ilipata katiba yake ya kwanza baada ya Mapinduzi mwaka 1979. Mjadala wa kuasisi dola, basi, haukupata ukumbi wa hadharani. Riwaya ingeweza kuwa ukumbi huo.

Shafi hakuitumia fursa hiyo moja kwa moja. Vuta n’kuvute (1999) inaishia kabla ya Mapinduzi. Haini inaanzia katika mauaji ya mkuu wa nchi, tukio linaloakisi kifo cha Karume cha Aprili 1972. Miaka minane ya katikati, ambamo wafuasi wa Afro-Shirazi na waliotoka chama cha Umma hawakuwa na picha moja ya serikali, imerukwa. Kasri inaigusa miaka hiyo, lakini suala la utawala linageuzwa kuwa suala la mashamba: mwinyi akishanyang’anywa ardhi, maswali mengine yanaonekana kama yamekwisha. Anayelizuia hitimisho hilo jepesi ni Kijakazi, aliyeyamaliza maisha yake katika kumtumikia Fuad. Utiifu wake haufutwi na tangazo. Kupitia kwake riwaya inakiri, pengine bila ya kukusudia, kwamba raia haumbwi kwa amri.

Katika Haini swali linarudi kwa njia ya neno lenyewe la anwani. Haini hawezi kuwapo pasipo kitu kilichosalitiwa. Penye katiba, kitu hicho kimeandikwa na mshtakiwa anaweza kukisoma. Pasipo katiba, anayehoji ndiye anayekitaja, na anaweza kukibadilisha kesho yake. Ndiyo maana mahojiano anayopitia Hamza yana uzito kuliko mateso yenyewe: humo ndimo dola inamojieleza, ingawa mmoja tu kati ya wazungumzaji ana ruhusa ya kuuliza.

Shafi mwenyewe alionja kifungo katika kipindi hicho, na ukaribu huo una gharama yake. Upande wa pili haupati msemaji mwenye uzito. Katika uchaguzi wa Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata asilimia 54 hivi ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Waliotoka katika uchungu huo walikuwa na sababu ya kuliogopa sanduku la kura, hata kama hofu yao iliwafikisha kwenye milango ya gereza lile. Mlinzi wa Mapinduzi mwenye hoja hiyo kinywani angemtisha Hamza, na msomaji, kuliko mwenye mjeledi mkononi.