Waliosikiliza Ndani ya Nellie

Katika somo la tafsiri, wengi wetu tunapofika kwenye Heart of Darkness, hadithi ya Joseph Conrad iliyotoka jaridani mwaka 1899, huzivuka kurasa za mwanzo. Sisi tulio jirani na Kongo tuna haraka ya kufika Kongo. Tunaona hilo ni kosa. Hadithi inaanzia mto Thames, jioni, ndani ya Nellie, mashua ndogo ya matanga. Marafiki watano wamekusudia kushuka mto. Maji yamejaa, upepo umetulia, wametia nanga kungojea maji yapwe. (Wanafunzi wetu wa bara huandika "mawimbi" kwa kujaa na kwa kupwa pia, na hapo kisa hupotea.)

Ni akina nani hao? Mkurugenzi wa makampuni, mwanasheria, mhasibu, Marlow mwenyewe na msimulizi asiye na jina. Chinua Achebe, katika mhadhara wake wa 1975, alimlaumu Conrad kwa kuwanyima Waafrika lugha, nasi tunakubaliana naye. Lakini tuwatazame pia waliopewa masikio. Habari za pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo zinasimuliwa kwa watu wa kampuni, sheria na hesabu, kazi zile zile zilizohitajika kuuendesha unyonyaji ule. Marlow anapomaliza, giza limekwisha ingia. Hakuna anayeuliza neno. Mkurugenzi anakumbuka tu kwamba maji yameanza kupwa, nao wamechelewa.