Nafsi ya Kwanza na Shahidi Wake

Mwanasarufi akitaka kueleza tofauti ya nimekwenda, umekwenda na amekwenda, husema ni tofauti ya nafsi. Neno lilo hilo ndilo alitumialo mcha Mungu asemapo kwamba nafsi yake itahojiwa. Watu wengi huyatenga matumizi hayo mawili, kana kwamba moja ni la darasani na la pili ndilo la mambo mazito. Mimi naona kuwa ni jambo moja, na vitabu viwili vya habari za watumwa walioachwa huru vitanisaidia kulidhihirisha.

Cha kwanza ni Kiungani, kilichotolewa London mwaka 1887. Visa vyake viliandikwa na wavulana wa shule za misheni ya UMCA, Unguja, na A. C. Madan akavifasiri kwa Kiingereza. Cha pili ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotolewa mwaka 1934. Mbotela alikuwa mwana wa Myao aliyetiwa utumwani, akaokolewa, akakalishwa Frere Town, Mombasa.

Kwa msomaji wa Chiungutwa habari hizi si za ng'ambo. Mwaka 1876 Askofu Steere alipitia Lindi pamoja na kundi la watu waliokombolewa, wakaanzisha makao Masasi. Baadaye Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni, alipewa upadre mwaka 1890, akahudumu Chitangali, upande wa Newala, miongoni mwa Wayao wenzake. Hapana budi tuulize: aliyerudi kusini na jina jipya, dini mpya na lugha mpya, ni yule yule aliyechukuliwa?

John Locke, katika toleo la mwaka 1694 la kitabu chake juu ya akili ya binadamu, alijibu kwamba mtu ni yule yule maadamu ufahamu wake waweza kurudi nyuma na kuyajua matendo yake ya zamani kuwa ni yake. Jawabu hilo lawafaa sana wavulana wa Kiungani. Walinyang'anywa kila kitu isipokuwa kumbukumbu, na kwa kumbukumbu hiyo wakaandika juu ya kwao, kutekwa kwao na safari ya pwani.

Lakini jawabu hilo halitoshi. Kati ya Wamakua ukoo, waitao nihimo, hufuata upande wa mama. Mtoto aliyechukuliwa angali mdogo aweza kuikumbuka sura ya mama yake, ila ukoo hawezi kuubeba peke yake, kwa sababu ukoo hukaa vinywani mwa ndugu. Akisema, "Mimi ni mtoto wa fulani," neno lake linangoja mtu wa kuitikia, "Naam, ndiwe." Kumbukumbu isiyo na shahidi ni kweli kwa mwenyewe, wala haijawa kweli kamili.

Wako wasemao kwamba visa vya Kiungani ni mazoezi ya shule, vilivyoandikwa kumpendeza mwalimu. Hoja hiyo ina nguvu, lakini yathibitisha niliyosema: hakuna mimi pasipo wewe. Kasoro ya visa hivyo si kwamba vilikuwa na msikilizaji. Kasoro ni kwamba msikilizaji alikuwa mwalimu, na nyuma yake msomaji wa Uingereza. Mjomba aliyeachwa kusini hakuwamo. Basi mvulana asema "nilichukuliwa", na hapana mtu karibu naye awezaye kujibu, "Ndiyo, ulichukuliwa, tulikutafuta."

Mbotela ameshutumiwa kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi, na shutuma hiyo ni ya haki. Wao amewafanya karibu mashahidi pekee wa uhuru wa watu wake. Hata hivyo ametenda jambo ambalo Locke hakuliwekea nafasi: ameichukua kumbukumbu ya wazazi na kuitia katika kitabu cha Kiswahili, ambacho watoto wa wenzao wangeweza kukisoma na kukijibu. Tusizidishe sifa. Mwana hawezi kusema nilitekwa; aweza tu kusema alitekwa. Silabi moja inatenga nafsi mbili, na hakuna mapenzi yawezayo kuifuta. Ila alitekwa ya mwana si alitekwa ya mgeni, maana mwana asingalikuwako ila kwa safari ile.

Yatupasa basi kuacha kuvisoma vitabu hivi kama ushahidi wa biashara ya watumwa tu. Tukifanya hivyo twawafanya waandishi wake wote kuwa nafsi ya tatu, watu wa kusemwa. Wao waliandika kama nafsi ya kwanza, na nafsi ya kwanza huita nafsi ya pili. Mwanafunzi wa Masasi au Newala avifunguaye leo amekwisha kuitwa. Ajibu.